Amplifaya ndogo ya gitaa imekufa? Ifuate hitilafu hadi ilipo kabla hujabadilisha kitu

Siku moja vijana wawili wa kwaya waliniletea amplifaya ya wati 15, wameifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Imekufa aisii. Fundi wa kwanza ameibadilisha mara mbili, bado haisemi."

Niliiwasha, taa nyekundu ikawaka. Nikachomeka gitaa, kimya. Nikachukua hedifoni zangu nikazichomeka kwenye tundu lake pale mbele, na gitaa likasikika safi kabisa. Vijana wakatazamana. Aisii, yaani kile kipande cheusi chenye miguu kinachokuza sauti, ilikuwa nzima, na bila shaka hata ile ya kwanza kabisa ilikuwa nzima. Ndani ya jeki ya hedifoni kuna ulimi mdogo wa shaba ambao, usipochomeka kitu, hugusana na mwenzake na kupitisha sauti kwenda kwenye spika. Ulimi ule ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Sisi tulio Tanga tunaishi na hewa ya bahari, na chumvi yake huanza kula mahali kama hapo. Kusafisha kulichukua dakika tano. Kuunga upya njia za shaba zilizonyanyuka kwenye bodi kwa moto wa pasi ya fundi aliyetangulia kulichukua mchana mzima.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naona amplifaya nyingi nzuri zikiharibiwa namna hiyo. Mtu anaanza kwa kubadilisha, badala ya kuanza kwa kutafuta sauti imekomea wapi. Ninayozungumzia hapa ni amplifaya ndogo za gitaa za wati 10 hadi 30 hivi, zisizo na valvu (taa za kioo za amplifaya za zamani), zenye transfoma ya chuma ndani na aisii moja ya nguvu. Ndizo wanazojifunzia vijana wengi, na ndizo utakazozikuta makanisani na kwenye vyumba vya mazoezi ya bendi. Kwa mita ya bei nafuu na pasi ya kulehemu unaweza kuzitengeneza mwenyewe, mradi usiruke hatua.

Ramani ya safari ya sauti

Kabla ya kushika bisibisi, iweke njia hii kichwani. Sauti inaingia kwenye jeki ya gitaa, inakwenda kwenye aisii ndogo ya miguu minane (mara nyingi 4558 au TL072), inapita kwenye vitasa vya toni na volyumu, inafika kwenye aisii ya nguvu iliyobanwa kwenye bati la kupooza (TDA2030, TDA2050 au LM1875 ni za kawaida), inapita kwenye ulimi wa jeki ya hedifoni, na mwisho inaingia kwenye spika. Pembeni ya njia hiyo yote kuna ukoo wa umeme: waya wa ukutani, fyuzi, swichi, transfoma, dayodi nne zinazougeuza umeme uende upande mmoja, na kapasita mbili kubwa zinazouhifadhi. Mbili, kwa sababu amplifaya nyingi za aina hii hutumia umeme wa pande mbili, mfano volti 18 chanya na volti 18 hasi, na sifuri katikati.

Karibu kila hitilafu iko mahali fulani kwenye njia hiyo, na kazi yako ni kupajua.

Usalama, na hapa usinisome haraka

Watu husema amplifaya ndogo haiwezi kuua. Upande wa transista kweli una volti chache. Lakini fyuzi, swichi na upande wa kwanza wa transfoma vina volti 230 au 240 kamili, na kwenye amplifaya ndogo vitu hivyo huwa vimebanana na bodi, sentimita chache tu kutoka kwenye mkono wako. Ukishafungua, jambo la kwanza ni kufunika miguu ya swichi na ya fyuzi kwa plasta ya umeme au kipande cha plastiki kigumu. Unapopima ikiwa imewashwa, tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni au mgongoni. Vua pete na saa.

Kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zimalize kwa rizista ya omu 100 ya wati 5: gusisha ncha zake kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde tano, kisha hakikisha kwa mita. Usizigongee bisibisi. Ile cheche huunguza njia za bodi.

Halafu kuna waya wa ethi, wa kijani na njano. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi (mwili wa chuma) ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Maana yake chochote kilicho kwenye chasisi kiko pia kwenye vidole vya mpigaji. Umeme wa njia (waya wenye umeme kutoka ukutani) ukivuja kwenye chasisi na ethi imekatwa, mpigaji aliyeshika nyuzi akigusa maiki kwa midomo, umeme unapita kwenye mwili wake. Nimekuta plagi ambazo ethi imekatwa makusudi "ili mvumo upungue". Ukikutana na amplifaya ya namna hiyo, rudisha ethi kwanza, mvumo utautafuta baadaye kwa njia yake halali.

Hatua ya kwanza: iulize kabla ya kuifungua

Muulize mwenye nayo ilikuwaje. Ilikufa ghafla au ilianza kwa kukwaruza? Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu? Ilianguka? Ilinyeshewa? Ilitoka nje ya nchi? Swali la mwisho lina uzito wake. Amplifaya nyingi zinazotumwa na ndugu walio Marekani zimeandikwa 120V 60Hz mgongoni. Ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, fyuzi inakatika mara moja, na ukiwa na bahati inaishia hapo. Mtu akiirudishia fyuzi kwa karatasi ya sigara au waya wa shaba, transfoma inaungua. Soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuchomeka kitu chochote.

Kisha jaribu gitaa lingine, waya mwingine na soketi nyingine ya ukutani. Waya wa gitaa ndio unaokanyagwa, unaovutwa na kukunjwa kila siku. Upime kwa mita: ncha kwa ncha isome karibu na sifuri omu, kiuno (chuma kilicho nyuma ya ncha) kwa kiuno vilevile, ncha kwa kiuno isisome kitu. Pima huku unaukunja karibu na plagi zake, maana ndipo unapokatikia.

Waya ukiwa mzima, sikiliza amplifaya yenyewe. Chomeka hedifoni kama nilivyofanya mimi. Zikilia, umeme mzima, aisii nzima, volyumu nzima. Umebakiwa na ulimi wa jeki, nyaya za spika na spika. Kama nyuma kuna matundu mawili yaliyoandikwa SEND na RETURN, au moja la kuchezea muziki wa simu, nayo yanakupa jibu bila kufungua. Unganisha SEND na RETURN kwa waya mfupi wa gitaa: sauti ikirudi, ulimi wa tundu la RETURN ndio mchafu. Ukicheza muziki wa simu ukatoka kwenye spika lakini gitaa halitoki, hitilafu iko mwanzoni, kati ya jeki ya gitaa na mahali muziki unapoingilia. Umeshapunguza eneo la kutafuta kwa nusu, na bado hujagusa skrubu hata moja.

Hatua ya pili: tengeneza globu ya mfululizo

Ukitengeneza kifaa kimoja tu kutokana na mwongozo huu, tengeneza hiki. Chukua soketi ya ukutani, ubao, na kishikio cha globu. Kata waya wa njia (wa kahawia) na uupitishe kwenye globu kabla haujafika kwenye soketi. Wa bluu na wa ethi vipite moja kwa moja. Globu iwe ya uzi, ile ya zamani inayotoa joto, ya wati 40 au 60. Za LED na za kubana matumizi hazifai kabisa kwa kazi hii.

Amplifaya nzima ikiwashwa kupitia hapo, globu inamulika mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha inafifia hadi karibu kuzima. Globu ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na globu imeuchukua umeme ule ambao ungeunguza transfoma au kulipua aisii uliyoinunua jana. Chomoa nyaya za transfoma zinazoingia kwenye bodi na ujaribu tena. Ikiendelea kung'aa, transfoma yenyewe ina shoti. Ikififia, shoti iko kwenye dayodi, kapasita au aisii ya nguvu.

Hatua ya tatu: umeme kwanza, daima

Haina taa, haina sauti, haina hata mvumo: anza na fyuzi. Ipime kwa mita, usiitazame tu, maana uzi wake unaweza kukatika mahali usipopaona. Ikiwa imekatika kistaarabu, uzi umeachana tu, inawezekana ilichoka. Kioo kikiwa cheusi au kina rangi ya fedha kwa ndani, kuna shoti kubwa. Usiweke nyingine bila globu ya mfululizo. Weka ya ampea zilezile. Ikiwa mbele ya namba kuna herufi T, mfano T500mA, ni ya kuchelewa, kwa sababu transfoma huvuta umeme mwingi inapowashwa. Ukiweka ya haraka itakatika kila ukiwasha, na utadhani kuna tatizo lingine.

Fyuzi nzima, lakini hakuna umeme? Chomoa plagi kutoka ukutani, bonyeza swichi ya amplifaya iwe imewashwa, na upime omu kati ya pini ya njia na pini ya nyutro kwenye plagi. Transfoma ndogo ya volti 230 husoma makumi ya omu, wakati mwingine zaidi ya mia. Mita isiposoma kitu, fuata waya, fyuzi ya plagi, swichi, kisha transfoma. Transfoma nyingi ndogo zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya nje. Ikikatika, transfoma inaonekana nzima lakini upande wa kwanza uko wazi. Mimi sishauri kuiruka kwa kuunga waya. Imewekwa pale ili nyumba isiungue.

Umeme ukifika, weka mita kwenye DC (umeme unaokwenda upande mmoja), ncha nyeusi kwenye chasisi au sifuri ya bodi, na upime kapasita kubwa moja moja. Transfoma iliyoandikwa 12-0-12 itakupa kama volti 16 au 17 kila upande, ya 15-0-15 kama volti 20, na zikiwa hazina mzigo hupanda kidogo zaidi. Ninachojali zaidi ni pande mbili kulingana. Upande mmoja ukiwa 18 na mwingine 6, au sifuri, umeshampata mwizi: dayodi iliyokufa, kapasita iliyokauka, au lehemu iliyopasuka. Dayodi hupimwa kwa alama yake kwenye mita, amplifaya imezimwa: upande mmoja isome kama 0.5 hadi 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote, imeungua.

Kutoka hapo umeme hupunguzwa hadi kama volti 15 kwa ajili ya aisii ndogo, kwa kawaida kupitia rizista mbili na zena mbili (dayodi za kushikilia volti mahali pamoja). Rizista hizo huwa za moto na huunguza bodi chini yake ikawa kahawia. Pima mguu wa 8 wa aisii ndogo (chanya) na wa 4 (hasi). Upande mmoja ukikosekana, sauti inaweza isitoke kabisa, au itoke nyembamba, imekatwakatwa, kana kwamba spika imechanika. Wengi huishia kununua spika mpya kwa kosa la zena ndogo kama punje ya mchele.

Hatua ya nne: usiamini spika hadi umepima DC

Hili nililipia. Nilipokuwa najifunza, niliunga spika nzuri ya inchi nane kwenye amplifaya ambayo sikuwa nimeipima. Ilitoa "buu" moja, koni ikarukia mbele ikabaki hapo hapo, na baada ya sekunde chache nikasikia harufu ya vanishi. Koili iliungua nikiiangalia.

Kwa hiyo chomoa spika. Amplifaya za transista haziumii kukaa bila spika, tofauti na za valvu. Washa kupitia globu, kisha pima DC kati ya nyaya mbili zilizokuwa zinaenda kwenye spika. Inapaswa kuwa karibu na sifuri, chini ya milivolti 50, na hata 100 siyo ajali. Ukisoma volti kadhaa, au karibu volti zote za upande mmoja wa umeme, usirudishe spika. Hapo ndipo aisii ya nguvu inapokuwa mshukiwa wa kweli.

Hata hapo, usikimbilie dukani. TDA2030, TDA2050 na LM1875 zote zina miguu mitano yenye mpangilio mmoja: wa 1 sauti inaingia, wa 2 ni wa marejesho, wa 3 umeme hasi, wa 4 sauti inatoka, wa 5 umeme chanya. Hakikisha wa 3 na wa 5 vina umeme. Tazama kama kuna dayodi ndogo mbili kutoka mguu wa 4 kwenda pande mbili za umeme. Mojawapo ikiwa na shoti itakupa ugonjwa uleule, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na aisii. Pima pia DC kwenye mguu wa 1. Kama volti zinatoka huko nyuma, aisii inatii tu ilichoambiwa.

Ukithibitisha imekufa, nunua kwa uangalifu. Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi zipo nzima na zipo za kughushi, na za kughushi zinafanana sana na halisi. Angalia uso wake: ukiwa umesuguliwa, au maandishi yakifutika kwa asetoni, iache. Usiongeze volti kwa kudhani zinabadilishana ovyo: TDA2030 mwisho wake ni volti 18 kila upande, TDA2050 volti 25, LM1875 volti 30. Kubwa inaweza kukaa mahali pa ndogo, siyo kinyume chake.

Bati la mgongoni mwa aisii hizi limeungana na mguu wa 3, yaani umeme hasi. Kama bati la kupooza limegusana na chasisi, lazima kati yake kuwe na kipande cha maika (kijikaratasi kigumu kisichopitisha umeme) na kola ya plastiki kwenye skrubu. Ukisahau, umeupeleka umeme hasi moja kwa moja kwenye sifuri. Paka dawa ya joto kidogo pande zote mbili za maika, kaza skrubu, na kabla ya kuwasha pima omu kati ya mgongo wa aisii na chasisi. Mita isilie.

Jambo moja bado, na mafundi wengi hulipita. Karibu na mguu wa 4 kuna rizista ndogo, mara nyingi ya omu 1, imeungana na kapasita ndogo kwenda kwenye sifuri. Kazi yake ni kuizuia aisii isitetemeke kwa mawimbi ambayo sikio halisikii. Rizista hiyo ikiwa imeungua, aisii mpya itapata moto mkali bila hata kupigwa gitaa, na itakufa baada ya siku chache. Aisii inayokufa tena na tena, kagua hapo, na kagua pia spika: kama mtu ameongeza ya pili sambamba na ya kwanza, omu 8 mbili zimekuwa 4, na joto limepanda.

Hatua ya tano: kimya, lakini umeme wote upo

Hapa unagawanya njia katikati. Weka volyumu nusu, shika bisibisi sehemu ya chuma kwa kidole, na uguse mguu wa katikati wa kitasa cha volyumu. Fanya hivyo upande wa bodi tu, pale penye volti chache, ukiwa umeshafunika upande wa umeme wa ukutani. Ukisikia mvumo mkubwa kwenye spika, kuanzia volyumu hadi spika kuko salama; rudi nyuma kuelekea jeki ya gitaa. Usiposikia, nenda mbele kuelekea aisii ya nguvu.

Njia nzuri zaidi ni kusikiliza kwa mchokoo. Chukua waya wa gitaa uliokatwa upande mmoja. Kwenye waya wa katikati ulehemu kapasita yenye alama 104 ya volti 100, na mguu wake wa pili uwe ndiyo ncha ya kuchokolea. Waya wa nje ufungie kibanio, ubane kwenye sifuri. Upande wa pili chomeka kwenye amplifaya nyingine nzima, sauti chini. Kwenye jeki ya gitaa ya mgonjwa ingiza wimbo kutoka kwenye simu, sauti ndogo, upande mmoja tu wa stereo. Sasa fuata wimbo: kwenye jeki, kwenye mguu wa 1 wa aisii ndogo, wa 7, kwenye volyumu, hadi mguu wa 1 wa aisii ya nguvu. Mahali ulipousikia mara ya mwisho na mahali ulipoukosa, kati yake ndipo penye hitilafu. Mara nyingi utakuta kiungo kimoja tu: kapasita iliyofunguka, au ufa kwenye njia ya shaba.

Aisii ndogo huhukumiwa kwa mita. Miguu ya 1 na 7 ndiyo matokeo, na ikikaa kimya husoma karibu na sifuri. Mmoja ukisoma volti 13 au 14 wakati umeme wa 4 na 8 uko sawa, ibadilishe. Weka soketi ya miguu minane badala ya kulehemu aisii moja kwa moja. Mwenzako wa kesho atakushukuru.

Sauti inayokuja na kupotea

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na hauonekani kwenye mita. Jeki za plastiki zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na kila unapochomeka gitaa unaivuta ile lehemu. Geuza bodi, weka taa kali kwa ubavu, na utumie kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Kwenye mguu mzima, risasi ya kulehemia inapanda kama kichuguu kinachong'aa hadi kwenye chuma. Kwenye mguu mbovu utaona pete nyembamba nyeusi, kama mstari wa kalamu ya risasi, imeuzunguka mguu wote. Ukitikisa jeki, mguu unacheza ndani ya pete hiyo. Nimewahi kukuta pete tatu kwenye jeki moja.

Kama huoni kitu, washa amplifaya na uchokoe viungo kwa kijiti kikavu cha mshikaki huku wimbo unacheza. Ukigusa mahali sauti ikaruka, umefika. Anza na jeki, kisha vitasa, kisha kapasita kubwa ambazo uzito wake huvuta lehemu, kisha miguu ya aisii ya nguvu ambayo hupata joto na kupoa kila siku.

Usiongeze tu risasi juu ya mbovu. Inyonye ya zamani, safisha, paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), lehemu upya kwa pasi ya nyuzi joto 320 hadi 350, sekunde mbili au tatu kwa kiungo. Bodi nyingi zilizotengenezwa baada ya 2006 zina lehemu isiyo na madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwa joto kubwa zaidi na kuonekana ya kijivu hata ikiwa nzima. Ukijivu peke yake siyo ushahidi, tafuta pete.

Vitasa vinavyokwaruza vipulizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme, zungusha mara ishirini, basi. Vikiendelea kukwaruza, pima DC kwenye miguu ya kitasa: ikiwepo, kapasita iliyo kabla yake inavujisha.

Mvumo

Jifunze kuutambua kwa gitaa lenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukishapita kwenye dayodi nne, mabaki yake yanakuwa hezi 100. Noti ya G kwenye feti ya tatu ya uzi mnene wa sita ni hezi 98. Piga noti hiyo na usikilize mvumo. Ukiwa karibu na noti hiyohiyo, mabaki yanatoka kwenye kapasita kubwa zilizochoka au lehemu yake. Mvumo ukiwa chini zaidi, oktavu moja, hezi 50, tafuta waya wa gitaa uliopoteza waya wake wa nje, jeki isiyogusa sifuri, au gitaa lenye pikapu za koili moja lililo karibu na transfoma.

Sasa shusha volyumu hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, unatoka baada ya volyumu au kwenye umeme. Ukiondoka, unaingilia kabla. Chomoa waya wa gitaa kabisa: jeki nzima huunganisha mlango na sifuri, na mvumo wa gitaa hunyamaza hapo hapo.

Kapasita iliyochoka mara nyingi imetuna juu au imetoa gundi ya kahawia chini, ingawa nyingine huonekana nzima. Weka mita kwenye AC na upime juu yake amplifaya ikiwa kimya; nzima husoma sehemu ndogo tu ya volti. Badilisha zote mbili kwa pamoja, volti sawa au zaidi, na utazame alama ya hasi mara mbili kabla ya kulehemu.

Inakoroma

Kwanza spika. Weka vidole vinne kuizunguka koni na uisukume taratibu, sawasawa. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, koili inasugua sumaku. Pima: spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7 kwenye mita. Jaribu spika nyingine kabla ya kuihukumu. Ikiendelea kukoroma, rudi kwenye hatua ya tatu na uangalie umeme wa pande mbili chini ya mzigo, huku gitaa linapigwa.

Kabla ya kuifunga

Iache icheze saa moja kwa sauti ya kati, ikiwa imefunikwa kwenye sanduku lake kama itakavyotumika. Gusa bati la kupooza kila baada ya dakika chache: joto la kawaida, sawa, ukishindwa kuacha kidole pale, rudi kwenye rizista ya omu 1 na kwenye spika. Pima DC tena ikiwa ya moto, maana hitilafu nyingine husubiri joto.

Kisha chomoa kutoka ukutani na upime omu kati ya pini ya ethi ya plagi na chasisi, na kati ya pini hiyo na nyuzi za gitaa lililochomekwa. Kwenye chasisi isizidi omu moja. Kwenye nyuzi inaweza kuongezeka kidogo, na kuna amplifaya ambazo sifuri yake imeungwa na chasisi kupitia rizista ndogo, hivyo usishtuke ukiona omu kumi.

Ndani ya sanduku, kwa kalamu isiyofutika, ninaandika tarehe, volti nilizozikuta pande mbili, DC ya matokeo, na kilichobadilishwa. Ile ya kwaya imeandikwa: "+19.8, −19.7, DC 12 mV, jeki ya hedifoni imesafishwa, aisii haikuwa na kosa."